Ukiachia bare unaanguka: kutafuta chanzo pwenti inapokataa

Binti wa miaka 14 amesimama kwa mguu mmoja juu ya pwenti, yaani kwenye ncha za vidole ndani ya kiatu kigumu cha dansi ya bale; wa pili ameukunja kwenye pase, ncha yake ikigusa goti la mguu aliosimamia, mkono wa kushoto uko juu ya bare, ule mti wa kushikia ukutani. Amenyooka kama mkaratusi. Namwambia, "Achia." Vidole viwili vinanyanyuka, vinatetemeka, halafu vinarudi kwenye mti kabla mwili haujayumba hata kidogo. "Yaya, naogopa," ananiambia mimi mwalimu wake.

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa "jikaze". Jumamosi moja nikachana karatasi ya daftari, nikaiweka kati ya kiganja chake na bare, nikamwomba apande tena. Aliposhuka, karatasi ilikuwa imekunjamana, imelowa jasho, na pembeni imechanika pale kidole gumba kilipobana. Ule mkono ndio uliokuwa unabeba mwili. Basi woga wake haukuwa udhaifu wa moyo, ulikuwa taarifa ya kweli: mwili ulijua kwamba mkono ukiondoka hakuna kitu kingine cha kuusimamisha.

Tangu siku hiyo mtoto akisema anaogopa, naanza kutafuta ni kitu gani hakijakaa mahali pake. Haya ndiyo ninayoyakuta mara nyingi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na namna tunavyoyarekebisha.

Kwanza: je, mguu uko tayari?

Mwongozo huu ni wa aliyekwisha kuruhusiwa na mwalimu wake kuvaa pwenti na ameshafanya kazi ya bare kwa miezi kadhaa. Kwa kawaida mtoto chini ya miaka 12 haanzishwi pwenti, na hata wa miaka 12 asiye na misingi anasubiri. Mpime peku. Aweze kunyanyua kisigino mara 20 kwa mguu mmoja, goti limenyooka, bila kutupa mwili mbele. Aruke kwa mguu mmoja mara kadhaa, na kila anapotua goti lielekee juu ya vidole, lisiingie ndani. Asimame kwenye nusu-pwenti, yaani kisigino juu na vidole vikiwa bapa sakafuni, mguu wa pili kwenye pase, bila kushika kitu, kwa hesabu nne. Asiyeweza haya peku hatayaweza ndani ya kiatu. Hapo tatizo la kushughulikia ni nguvu, na nguvu inajengwa kwa wiki nyingi.

"Nikiachia tu, naanguka nyuma"

Hili ndilo lalamiko namba moja.

Ukiwa umesimama kawaida, uzito umegawanyika kati ya kisigino na mbele ya mguu. Ukiwa juu ya pwenti, mwili mzima unakaa juu ya lile bapa dogo la ncha ya kiatu, ambalo ukubwa wake haupiti sana kifuniko cha chupa ya maji. Ili ukae hapo, lazima kimoja kati ya vitu viwili kisogee. Ama mwili unakwenda mbele mpaka ukae juu ya vidole, ama vidole vinavutwa nyuma viingie chini ya mwili. Kuna shule zinazofundisha kupanda polepole, mguu ukijikunjua hatua kwa hatua. Huko mwili ndio unaosafiri. Nyingine zinafundisha kupanda kwa mruko mdogo kutoka kwenye plie, yaani magoti yakiwa yamekunjwa. Huko vidole ndivyo vinavyovutwa. Njia zote mbili ni sahihi. Kosa ninaloliona kila wiki ni kuzichanganya: mtoto anaruka kidogo, lakini vidole anaviacha palepale vilipokuwa na mwili nao haujasogea. Anafika juu, kiuno kiko nyuma ya bapa, na bare inamshikilia asilale chali.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Chora mstari kwa chaki mbele ya vidole vyake akiwa chini. Apande kwa mruko, abaki juu, utazame. Kama ncha ya kiatu bado inagusa mstari, vidole havikuvutwa. Vikivutwa vizuri, kunakuwa na nafasi kati ya chaki na kiatu, na ncha iko karibu na pale katikati ya unyayo palipokuwa. Mwache arudie mara kumi kwa miguu miwili, mikono yote kwenye bare, akitazama chaki baada ya kupanda. Watoto wanapenda zoezi hili kwa sababu wanajisahihisha wenyewe bila kunisubiri.

Chanzo cha pili ni kupanda robo tatu na kuishia hapo. Mtoto anadhani akibaki chini kidogo atakuwa salama zaidi, kumbe amechagua mahali pabaya kuliko pote. Mfupa wa katikati ya kifundo cha mguu ni mpana mbele na mwembamba nyuma. Ukinyoosha mguu, ile sehemu nyembamba ndiyo inayoingia kati ya mifupa miwili ya muundi, kwa hiyo kifundo kinalegea. Ukifika juu kabisa, mifupa ya nyuma inabanana na kifundo kinapata tena egemeo. Kwenye robo tatu mifupa haikusaidii, na misuli inabeba kila kitu. Mwambie apande hadi mwisho au abaki chini.

Chanzo cha tatu kiko ndani ya kiatu, nitakifikia.

Na cha nne ni mbavu. Anayeogopa anavuta pumzi, anaifungia ndani, mbavu zinafunguka mbele na mgongo unapinda. Sitoi hotuba ndefu juu ya hilo. Namwambia ahesabu kwa sauti akiwa juu: moja, mbili, tatu, nne. Anayehesabu hawezi kufungia pumzi.

"Kifundo kinacheza huku na huku"

Tofautisha mitetemo miwili. Kuna ule mdogo, wa haraka, kama uzi wa gitaa uliokwisha kupigwa. Huo ni mwili unafanya kazi, misuli inasahihisha, nao hauishi hata kwa wacheza dansi wakubwa. Usimkemee mtoto kwa huo. Kuna na ule mkubwa wa polepole, mguu unalala nje kisha unarudi. Huo unatakiwa kushughulikiwa leo, kwa maana mguu ukilala nje moja kwa moja, mishipa ya upande wa nje wa kifundo ndiyo inayochanika.

Mara nyingi misuli ya ubavu wa nje wa muundi, inayopita nyuma ya kifundo, haina nguvu. Sisi tunatumia mpira wa ndani wa tairi. Mafundi wa moto, yaani pikipiki, walio barabarani wanayo iliyotoboka, ukiomba kwa heshima wanakukatia kipande kirefu. Kaa chini, miguu imenyooka, vidole vimenyooshwa kama uko kwenye pwenti. Funga mpira kuzunguka miguu yote miwili pale vidole vinapoanzia, kisha sukuma mguu mmoja kwenda nje polepole na urudi polepole zaidi. Mara 15, pumzika, mara 15 tena. Paja lisigeuke, kazi iwe ya kifundo peke yake. Fanya siku tatu kwa wiki, na ipe misuli hiyo mwezi mmoja na nusu kabla ya kuhukumu.

Mtazame pia vidole vyake akivua kiatu. Kama vifundo vya vidole vina michubuko juu, anavikunja ndani ya kiatu kama mtu anayeng'ang'ania ukuta. Vidole vinatakiwa kuwa virefu, vinasukuma sakafu.

"Naangukia upande"

Ukiangukia upande wa mguu uliosimama, kwa kawaida umeinua nyonga ya ule uliokunjwa ili pase ionekane juu, na nyonga hiyo imekusukuma. Shusha pase, hata iwe chini ya goti, nyonga zilingane, kisha ipandishe tena siku nyingine. Ukiangukia upande wa mguu uliokunjwa, mara nyingi hukuwahi kufika juu ya mguu wa kusimamia. Ulipanda ukiwa bado katikati ya miguu miwili. Uzito uhamie kwenye plie, kabla ya kupanda. Ukiwa juu tayari umechelewa.

Mkono unaoachia bare nao una lawama. Wengi wanautupa juu, bega linaufuata, kifua kinageuka. Mkono unyanyuke kidogo tu, nafasi ya vidole viwili juu ya mti, ubaki hapo hapo ukielea. Ukizoea, ndipo uulete mbele ya kitovu, halafu juu.

Kiatu

Hapa nataka kukaa, kwa sababu katika mji wetu nusu ya matatizo yanatoka hapa na watoto wanalaumiwa bure.

Kisanduku cha mbele cha kiatu cha pwenti kwa kawaida ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Gundi hiyo adui yake ni unyevu. Bukavu mvua inaanza Septemba na kutuachia karibu na Juni, ziwa liko chini yetu, na kiatu kilicholowa jasho Jumatano kinaweza kufika Jumamosi bado kina ubaridi ndani. Kikilainika kabla ya wakati, mguu unazama, vidole vinagusa sakafu, na mtoto anaanza kuogopa bila kujua kwa nini. Mazoezi yakiisha toa vitambaa vya vidole, jaza karatasi za gazeti kwa saa moja zinyonye jasho, zitoe, kisha tundika kiatu mahali penye upepo. Usikifungie kwenye mfuko wa plastiki. Na tafadhali, usikiweke karibu na mbabula, jiko la makaa. Nimeletewa kiatu kilichokaushwa juu ya makaa: nje kigumu kama mkate wa juzi, ndani bado unyevu, na gundi imekatika vipandevipande. Mama yule alikuwa na nia njema kabisa. Mwenye uwezo awe na jozi mbili, azivae kwa zamu.

Sasa vile vilivyokwisha kuvaliwa. Wengi wetu tunavipata kwa ndugu walio Ulaya, au mtu amebahatika kwenye marobota ya mitumba katika mtaa wa Kadutu. Ninaelewa, kipya ni ghali na hapa hakiuzwi kila kona. Lakini kiatu cha pwenti hujifinyanga kwa mguu wa mwenye nacho. Kabla ya kumvika mtoto, bonyeza kisanduku pande zote mbili kwa kidole gumba na cha shahada. Kikibonyea kama avoka lililoiva, kimekufa, kifanye pambo. Kunja uti wa kiatu, ule ubao mgumu wa ndani ya wayo: ukivunjika kirahisi katikati ya uvungu wa mguu, utamdondosha. Kisha simamisha viatu vyote viwili mezani juu ya bapa zao. Kimoja kikilalia upande uleule kila mara, jua mwenyewe wa kwanza alikuwa akilalia huko, na mwanao atalazwa huko pia.

Kuhusu kipimo: kiatu kipana mno kinaacha mguu ushuke mpaka kidole gumba kibebe kila kitu. Usijaze pamba nyingi, tafuta chembamba. Uso wa kiatu ukiwa mfupi, usiofunika pale vidole vinapoanzia, mguu wenye uvungu mkubwa unamwagika mbele. Kipande cha lastiki kikishonwa juu kinasaidia. Uso ukiwa mrefu mno, au uti mgumu kuliko nguvu ya mguu, mtoto hawezi kufika juu ya bapa, na hapo tunarudi kwenye kuanguka nyuma. Hicho ndicho chanzo cha tatu nilichokiahidi. Fundo la utepe likae kwenye lile bonde la upande wa ndani, kati ya kifundo na ule mshipa mnene wa kisigino. Likikaa juu ya mshipa wenyewe linauchubua.

Kushona nyuzi nene kuzunguka ukingo wa bapa ni kazi ya jioni moja na inalipa: bapa linapanuka kidogo na halitelezi kama satini. Ni kazi ya zamani. Mchezaji bale Marie Taglioni alipocheza dansi ya La Sylphide mjini Paris mwaka 1832, kiatu chake kilikuwa satini laini kilichoshonwashonwa nyuzi mbele, bila kisanduku kigumu kama cha leo. Ndiyo maana wachezaji wa wakati ule walikuwa wakigusa pwenti na kuondoka. Kukaa juu kwa muda mrefu kulikuja viatu vilipoimarika.

Sakafu

Weka gololi sakafuni. Ikianza safari yenyewe, umepata jibu. Mji umejengwa kwenye vilima na kumbi zetu nyingine zimekaa kimtelemko bila mtu kugundua. Geuza darasa ili mtoto atazame juu au chini ya mtelemko, asiupe ubavu. Karo, yaani vigae, hapana, hata kwa dakika moja. Sima (saruji) tupu ni ngumu kwa viungo. Balatumu, lile zulia la plastiki, juu ya sima inasaidia utelezi lakini haipunguzi ugumu, kwa hiyo mazoezi ya kuruka juu ya pwenti tunayaacha mpaka tupate mbao. Dhidi ya utelezi tumia unga wa kolofani, utomvu mkavu wa msonobari, kidogo sana, au kitambaa chenye unyevu kupanguzia sakafu. Kolofani ikizidi kiatu kinanata, mwili unageuka na goti linabaki.

"Kwenye kioo naweza, nikigeuka siwezi"

Macho yamefanya kazi ya miguu. Mwili una njia tatu za kujua umesimamaje: macho, sikio la ndani, na hisia zinazotoka kwenye viungo na nyayo zenyewe. Kioo kinalisha macho peke yake, hizo nyingine zinalala.

Mtazame binti anayepanda Kadutu na beseni la maji kichwani. Hatazami miguu. Macho yako mbele, mbali kidogo, yametulia bila kukodoa, shingo ndefu, na kila jiwe linapomyumbisha marekebisho yanafanyika kuanzia kiunoni kwenda chini. Kichwa hakijui lolote. Huyo anajua jambo ambalo mimi nahitaji mwaka kulifundisha. Wanafunzi wangu wengi wamebeba maji tangu wadogo, na nikiwakumbusha tu, "beba beseni," shingo inanyooka yenyewe.

Geuza darasa, migongo kwenye kioo. Na umeme ukikatika jioni, kabla hujawasha tochi, simama peku kwa mguu mmoja, kisigino chini, karibu na ukuta, sekunde 30 kila mguu. Unyayo utajifunza kusikiliza. Pwenti gizani usijaribu.

"Mguu mmoja sawa, mwingine hapana"

Kila mtu ana upande wake. Anza zoezi na mguu dhaifu, maliza nao pia, ili upate mara mbili kwa moja ya mwenzake. Ila kama tofauti imetokea ghafla, uliza kama aliwahi kuteguka mguu huo.

"Kila kitu kiko sawa, lakini sithubutu"

Karatasi haikunjamani tena, chaki inaonyesha vizuri, kiatu kizima, na bado vidole vinarudi kwenye bare. Hapo nimegundua jambo moja: hakuna aliyewahi kumfundisha kushuka. Tumemfundisha kupanda tu, kwa hiyo kila akiachia anajiona kama mtu aliyepanda mwembe bila kujua atateremkaje.

Tunafanya darasa zima la kuanguka. Panda, achia, na kwa makusudi jiache uende mbele: piga hatua, tua kwenye plie, mguu ukipita kwenye nusu-pwenti hadi kisigino. Kisha upande. Kisha nyuma, ambako mguu uliokunjwa unafunguka na kupokea mwili. Mara tano kila upande. Kanuni ni moja: goti lipinde, na mguu usitue ukiwa umelala nje. Baada ya majuma mawili ya kazi hii, wengi wanaachia bare bila kuambiwa. Wala hatujafanya zoezi lolote jipya la mizani.

Halafu tunakwenda katikati ya ukumbi, lakini kwa miguu miwili kwanza: su-su, miguu miwili imebanana juu ya pwenti, hesabu nne, kisha nane; eshape, miguu ikifunguka kando; ndipo mguu mmoja. Dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa wiki, mapema baada ya mwili kupata joto. Kuweka kazi hii mwishoni wakati miguu imechoka ni kutafuta ajali.

Kwa wakubwa kidogo huwa naeleza habari ya Aurora, binti mfalme kwenye La Belle au bois dormant (Mrembo Aliyelala), dansi iliyotungwa na Petipa kwa muziki wa Tchaikovsky, ikaonyeshwa Saint Petersburg mwaka 1890. Anasimama pwenti mguu mmoja, na wana wa wafalme wanne wanapokezana mkono wake. Watu wanatazama anapoachia. Mimi nawaambia watazame kabla hajaachia: kwanza anatulia, mkono wa mwana wa mfalme unakuwa mwepesi, ndipo vidole vinafunguka. Anaachia kwa sababu amekwisha kusimama. Mwanafunzi anayeachia bare ili aone kama atasimama amegeuza mpangilio.

Akiteguka

Asipoweza kutembea hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo akalia, apelekwe kupigwa radio, yaani picha ya eksirei, siku hiyohiyo. Vinginevyo, baridi, bandeji, mguu juu ya mto. Najua bibi zetu wanakimbilia kukanda kwa maji moto na kuvuta. Siku mbili tatu za mwanzo msimruhusu mtu auvute. Maumivu nyuma ya kifundo yanayorudi kila akipanda pwenti nayo ni ya kusimamisha kazi na kumwona mganga wa hospitali, si ya kuvumilia.

Akirudi, haanzi alipoachia. Anaanza peku, visigino 20 kwa mguu mmoja bila maumivu, mpira wa tairi, nusu-pwenti, wiki baada ya wiki. Siku atakapovaa pwenti tena, mikono yote miwili iwe kwenye bare, na karatasi ya daftari chini ya kila kiganja.